Joka Kwenye Kibanda cha Magazeti

Kijitabu chenyewe ni kidogo: upana sentimita 16, urefu 21, mgongo wa gundi, kurasa karibu 100, jalada la rangi na ndani nyeusi na nyeupe tu. Kinanunuliwa kwenye kibanda cha magazeti, kinatiwa mfukoni mwa koti, kinasomwa kwenye treni, kisha kinaishia kwenye rafu nyumbani pamoja na wenzake mia mbili. Ndani ya umbo hilohilo Waitaliano wamemsoma Tex na farasi wake, Zagor na shoka lake la jiwe, Dylan Dog mpelelezi wa mizuka, na Nathan Never wa karne zijazo. Juni 2013 likaongezeka jina jingine kibandani: Dragonero. Safari hii hapakuwa na bastola wala gari. Palikuwa na upanga, zimwi, msichana wa jamii ya elfi, na mwanamume ambaye damu yake imechanganyika na damu ya joka.

Kufika kwa joka hakukuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kuchelewa kwake. Kampuni ya Sergio Bonelli ya Milano, kubwa kuliko zote katika hadithi za picha nchini humo, ilikuwa imeshauza makauboi kwa miaka 65, na kila aina ya hadithi ilikuwa imepewa zamu yake: wanaakiolojia, wapelelezi, wawinda mazimwi wa mjini, maroboti. Fantasia, yaani hadithi ya ulimwengu wa kubuni wenye uganga na viumbe wasiokuwepo, haikuwahi kupewa mfululizo wake wa kila mwezi. Na hii ni Italia, nchi ambayo Ludovico Ariosto, mshairi wa Ferrara, alichapisha mwaka 1516 utenzi mrefu wenye farasi wa mabawa na shujaa anayepanda hadi mwezini kuitafuta akili ya mwenzake iliyopotea. Sicilia mpaka leo wapo wacheza vikaragosi wanaosimulia vita vya mashujaa hao kwa watoto na watalii. Udongo ulikuwepo, mbegu zilikuwepo. Kwa nini basi zao likakawia?

Lazima tuanze na kampuni yenyewe, kwa sababu bila kuielewa hutaelewa Dragonero ilipanda kwa ngazi gani.

Waitaliano huziita hadithi za picha fumetti, yaani vimoshi, maana maneno ya wahusika hukaa ndani ya kiputo kinachotoka mdomoni kama mvuke wa pumzi siku ya baridi. Gian Luigi Bonelli, mwandishi aliyependa kujigamba kwamba yeye ni mtunzi wa riwaya aliyeazimwa na vimoshi, alimtoa Tex pamoja na mchoraji Aurelio Galleppini tarehe 30 Septemba 1948. Kampuni iliendeshwa na Tea Bertasi, mwanamke aliyekuwa mkewe, na baadaye na mtoto wao Sergio. Sergio naye alikuwa mwandishi; kwa jina la kujificha la Guido Nolitta alimbuni Zagor mwaka 1961 na Mister No mwaka 1975. Mfumo uliojengwa na familia hiyo ni rahisi kuueleza na mgumu kuuendesha: mwandishi ndiye nguzo, wachoraji hupokezana, shujaa hazeeki, na kijitabu hakikosi kibandani mwezi wake ukifika. Msomaji anajua atakachopata. Tex atafika mjini na Kit Carson, ataagiza nyama ya kuchoma yenye mlima wa viazi vya kukaanga, atapigana, atatenda haki, ataondoka. Mtu aliyeanza kumsoma akiwa na miaka kumi anamkuta vilevile akiwa na wajukuu.

Mfumo kama huo una fadhila zake, lakini unaogopa udongo mgeni, na hasa gharama yake. Mchoraji wa Tex akitaka bunduki ya Winchester, picha zipo. Akitaka gari moshi la mwaka 1870, picha zipo. Mchoraji wa fantasia akiandikiwa kwamba mashujaa wanaingia langoni mwa mji mkuu, hana pa kuangalia. Lango hilo halijawahi kujengwa. Ni la mbao au la chuma? Walinzi wamevaa nini? Taa inawaka kwa mafuta gani? Sasa piga hesabu. Kijitabu kimoja kina kurasa 94 za hadithi. Mchoraji akikamilisha ukurasa mmoja kwa siku ya kazi, na wengi hawafiki hapo, anahitaji zaidi ya miezi minne. Kwa hiyo mfululizo wa kila mwezi unahitaji wachoraji kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja nyumbani kwake, mji wake, na wote lazima wachore lango lilelile. Ulimwengu mzima wa kubuni hauna budi kuwekwa kwenye mafaili kabla ya kijitabu cha kwanza kutoka. Ni rahisi kumrudishia kauboi farasi wake.

Sababu nyingine haikuwa ya karatasi wala wino. Ilikuwa ya siasa, na nadhani ndiyo iliyokuwa nzito zaidi, ingawa mashabiki hawapendi kuizungumza.

Kitabu kikuu cha Tolkien, kile cha Bwana wa Pete, kilitoka kikamilifu kwa Kiitaliano mwaka 1970, kwa mchapishaji Rusconi, nyumba iliyoegemea mrengo wa kulia, kikiwa na utangulizi wa Elémire Zolla, mwanafalsafa aliyeuchukia usasa. Vijana wa chama cha MSI, kilichoanzishwa na waliobaki watiifu kwa kumbukumbu ya Mussolini, wakakifanya kitabu chao. Juni 1977 walipiga kambi Montesarchio, kusini mwa nchi, kwa muziki na mijadala, wakaiita Campo Hobbit, kwa jina la wale watu wafupi wa Tolkien. Tolkien mwenyewe alikuwa amefariki miaka minne kabla na hakuhusika kwa lolote. Lakini jina lilishachukuliwa. Wakati huohuo hadithi za picha zilizosemwa sana na wasomi, kuanzia jarida la Linus lililoanza mwaka 1965, zilikuwa mikononi mwa mrengo wa kushoto. Kwa mhariri wa upande huo, elfi na upanga vilinuka shati jeusi la mafashisti. Hapakuwa na katazo lililoandikwa popote. Ilikuwa ni ile hali ya mtu kukunja pua tu, na kukunja pua kunatosha kuua mradi mezani.

Ukidhani hayo ni ya kale, kumbuka kwamba Novemba 2023 maonyesho makubwa kuhusu Tolkien yalifunguliwa katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa, Roma, na Waziri Mkuu Giorgia Meloni akaenda mwenyewe kuyaona. Meloni alilelewa kisiasa katika tapo la vijana la chama hichohicho, na hajawahi kuficha mapenzi yake kwa kitabu hicho.

Mto ukizuiwa mbele hupita pembeni. Zagor alikuwa kauboi kwa jina tu: katika msitu wake wa Darkwood walipita wanyonya damu, wachawi na wanasayansi wendawazimu tangu miaka ya 1960, na hakuna aliyelalamika kwa sababu kulikuwa na Wahindi Wekundu na mitumbwi ya kutosha kuhalalisha safari. Disney ya Italia nayo ikafungua mlango wa uani. Desemba 1982 jarida la Topolino, ndilo jina la Mickey kwa Kiitaliano, lilianza kuchapisha hadithi ya upanga wa barafu ya Massimo De Vita, ambayo Mickey na Goofy wanachukuliwa hadi nchi ya Argaar kupambana na Mwanamfalme wa Ukungu. Iliendelezwa miaka miwili iliyofuata. Waitaliano waliokuwa na miaka minane au kumi wakati ule ukiwatajia hadithi hiyo leo wanalainika uso. Miaka mitatu baadaye mchezo wa Dungeons & Dragons ulitafsiriwa kwa Kiitaliano, ukiwa ndani ya boksi jekundu, na vijana wakaanza kukaa mezani usiku kucha wakirusha dadu na kubuni himaya zao wenyewe. Hawa hawakuuliza Tolkien ni wa chama gani. Walitaka kujua joka lina nguvu kiasi gani.

Bonelli wenyewe walikaribia mara kadhaa bila kuvuka. Brendon, iliyoanza mwaka 1998 kwa kalamu ya Claudio Chiaverotti, ilikuwa na mpanda farasi, mapanga na viumbe vya ajabu, lakini mwandishi aliiweka Uingereza baada ya maangamizi ya dunia, kwa hiyo kwenye karatasi iliweza kuitwa sayansi ya kubuni. Ni kama mtu anayeingia msibani na jezi ndani ya kanzu.

Waliovuka kwanza hawakuwa Bonelli, na wasomaji wao hawakuwa wanaume wa treni. Aprili 2001 ofisi za Disney za Milano zilitoa W.I.T.C.H., iliyobuniwa na Elisabetta Gnone, Alessandro Barbucci na Barbara Canepa: wasichana watano wa shule katika mji wa Heatherfield wanaogundua kwamba wana nguvu za maji, moto, ardhi, hewa na nishati, na kwamba kuna ulimwengu mwingine nyuma ya ukuta. Fikiria msomaji wake. Msichana wa miaka kumi na moja ambaye kibandani alikuwa akikuta picha za waimbaji na vitabu vya kupaka rangi, sasa ana wahusika watano wa umri wake, mmoja mwoga, mmoja mbishi, mmoja mcheshi, na kila mmoja nguo zake zimechorwa kana kwamba mchoraji amewahi kweli kumwangalia msichana wa shule. Ilisambaa Ulaya nzima na nje yake, ikapata katuni ya televisheni mwaka 2004. Mwaka huohuo Iginio Straffi, ambaye ujanani aliwahi kuichorea Bonelli hadithi za polisi, alirusha katuni ya Winx Club kupitia Rai, televisheni ya taifa. Disney ikamshitaki kwamba amenakili, ikashindwa. Vilevile mwaka 2004 Licia Troisi, mwanafunzi wa fizikia ya anga, alichapisha kwa Mondadori riwaya yake ya kwanza ya fantasia, ikapendwa kupita matarajio ya wengi.

Kilichotokea baadaye kwa W.I.T.C.H. kinafaa kukumbukwa. Barbucci na Canepa waliondoka mapema. Mali ilikuwa ya Disney, si yao, na kazi yao nyingine, Sky Doll, walikuwa wameipeleka Ufaransa. Mfululizo ukaendelea mikononi mwa wengine hadi 2012, ukizidi kupauka. Lakini hoja ilikuwa imethibitishwa sokoni: Mwitaliano anaweza kununua kila mwezi ulimwengu usiokuwepo, uliochorwa na Waitaliano. Filamu za Peter Jackson, zilizotokana na kitabu kile cha Tolkien, zilimalizia kazi kwa wazee.

Ndipo mwaka 2007 Bonelli wakathubutu, kwa tahadhari ya mtu anayeonja maji kwa kidole cha mguu. Walianzisha mfululizo wa vitabu vinene vya hadithi moja moja, na namba ya kwanza ikawa Dragonero, karibu kurasa 300, imeandikwa na Luca Enoch na Stefano Vietti, imechorwa na Giuseppe Matteoni. Enoch alikuwa ameshafanya kazi na kampuni hiyo katika Gea, mfululizo aliouandika na kuuchora peke yake. Vietti alitoka kwenye sayansi ya kubuni ya Nathan Never. Kitabu kimoja, hasara ndogo kikishindwa. Hakikushindwa. Sergio Bonelli alifariki Septemba 2011, kwa hiyo hakukiona kikigeuka kijitabu cha kila mwezi, lakini mlango wa kwanza ulifunguliwa yeye akiwa bado kwenye kiti.

Sasa tumtazame shujaa mwenyewe kwa karibu. Ian Aranill ni mpelelezi wa himaya ya Erondár. Kazi yake ni kwenda mipakani, kuangalia kuna nini, kuzuia vurugu, kurudi kutoa taarifa. Ukoo wake ni wa waua majoka. Anasafiri na rafiki yake Gmor, jitu la pua pana na meno ya chini yaliyochomoza. Nyumbani anakaa naye pamoja na Sera, elfi mdogo wa msituni anayejua mimea. Dada yake Myrva ni wa chama cha wanateknolojia, watu wanaohodhi elimu ya mitambo. Yupo pia Alben, mzee wa uganga ambaye anajua mengi kuliko anavyosema.

Funika upanga kwa kidole gumba. Unabaki na nani? Askari wa mipakani anayetumikia dola lakini haki ameiweka juu ya amri; rafiki mwenye mwili mkubwa anayepigana bega kwa bega naye; mwenza wa kabila lililodharauliwa na watu wa mjini; safari, ugomvi, moto wa usiku, chakula, safari tena. Ni Tex. Ni Tex na wenzake Carson na Tiger Jack, wamehamishwa kutoka Arizona wakavishwa ngozi nyingine. Wahakiki wengine waliligeuza hilo kuwa tusi. Mimi naona ndiyo siri ya kupanda kwake. Enoch na Vietti hawakumwomba msomaji wa kibandani ajifunze kusoma upya. Walimpa mwendo anaoujua, mistari mitatu ya picha kwa ukurasa, mapigano mahali pake, mzaha mahali pake, kisha polepole wakamwonyesha mandhari ambayo hajawahi kuiona.

Na Gmor ni ubunifu mzuri kuliko anavyosifiwa. Kwa Kiitaliano yeye ni orco, na neno hilo halikuanza na Tolkien. Ni la ngano za bibi, lile jitu la kula watoto, ndugu wa damu wa zimwi letu. Mtoto wa Napoli amelisikia kabla ya kujua kusoma. Kwa hiyo kumkuta orco ameketi mezani na binadamu, anataniana naye, ni kinyume cha kila alichoambiwa kitandani. Sisi tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Enoch na Vietti wamekwenda mbali zaidi: zimwi hili likikujua, linakuwekea akiba ya chakula. Kupitia Gmor mfululizo unaweza kuzungumzia ubaguzi bila kuhubiri, kwa sababu kila wanapoingia mji mpya, macho ya watu humwendea yeye kwanza.

Himaya yenyewe nayo ina kitu ambacho fantasia nyingi hukisahau: ofisi. Kuna vyama vya mafundi, kuna watunza siri za mitambo, kuna taarifa za kuandika na wakubwa wa kuogopwa. Msomaji wa Kiswahili aliyepitia Kusadikika ya Shaaban Robert anajua kwamba nchi ya kubuni inasimama vizuri zaidi ikiwa na washitaki na watuhumiwa wake kuliko ikiwa na miujiza mitupu. Ugomvi wa chini kwa chini kati ya wenye mitambo na wenye uganga, kila upande ukidai unailinda dunia na kila upande ukificha kitu, umebeba hadithi nyingi kuliko majoka yenyewe. Majoka, kusema kweli, hayaonekani mara nyingi, na hilo ni jambo jema. Joka likitoka kila mwezi linageuka ng'ombe.

Sitaki kusifu kila kitu. Vijitabu vya miaka ya mwanzo vina ugonjwa wa kueleza. Mhusika anasimama katikati ya hatari akimfafanulia mwenzake historia ya himaya ambayo mwenzake ameishi ndani yake tangu azaliwe. Majina yamejaa lafudhi na herufi za mapambo hadi ulimi unajikwaa. Kuna miezi ambayo hadithi ni jini jipya, kijiji kipya, kipigo kilekile. Mfumo wa kampuni, ule wa shujaa asiyezeeka na mambo kurudi yalipoanzia, ulikuwa unaibana fantasia, kwa sababu fantasia hutaka falme zianguke kweli.

Waandishi waliliona. Wakaleta vita virefu vya Malkia Weusi, vilivyokwenda namba kwa namba bila kurudishwa nyuma, watu wakafa, ramani ikabadilika. Kisha wakafanya ambalo Tex asingefanyiwa kamwe. Oktoba 2019 ilitoka namba 77, na mfululizo ukafungwa. Novemba ukaanza upya kutoka namba moja kwa jina la Dragonero Il Ribelle, yaani mwasi. Himaya aliyoitumikia Ian kwa miaka sita imeingia mikononi mwa dhulma, na yeye, mtu wa kutoa taarifa kwa wakubwa, sasa anawindwa nao. Naliona hilo kuwa tukio kubwa zaidi katika maisha ya mfululizo huu, kubwa kuliko kuzaliwa kwake. Ngazi ya kauboi ilimfikisha juu. Kwa kumfanya mwasi wakaisukuma ngazi. Kuna wasomaji walionung'unika, wale waliozoea mkate uleule kila asubuhi. Lakini kijitabu kilipata hofu ya kweli, maana sasa hakuna anayejua nani atasalimika.

Huku hayo yakitokea, ardhi chini ya miguu ya kila mchapishaji ilikuwa inatitia. Vibanda vya magazeti vya Italia vimefungwa kwa maelfu; magazeti yameishiwa wanunuzi, na kibanda kisichouza gazeti hakiwezi kulipa kodi kwa kuuza vimoshi. Mtu anaponiuliza kama Dragonero imefanikiwa, namjibu kwamba huwezi kuipima kwa kipimo cha Dylan Dog, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliuza mamia ya maelfu ya nakala kwa mwezi. Soko hilo halipo tena kwa mtu yeyote. Kipimo cha haki ni kuangalia imegawanyika mara ngapi bila kufa.

Imegawanyika vizuri. Mwaka 2017, katika tamasha la hadithi za picha la Lucca, kilitoka kitabu cha kwanza cha Senzanima, jina lenye maana ya wasio na roho: Enoch aliandika, Mario Alberti akachora, kwa rangi, jalada gumu, kwa ajili ya maduka ya vitabu. Humo Ian ni kijana katika kikosi cha askari wa kukodiwa, na vita ni vya matope na utumbo, bila heshima ya kibandani. Mwaka huohuo ikaja Dragonero Adventures kwa watoto, ambayo Ian na Gmor ni wavulana watundu. Rai ikashirikiana kutengeneza katuni ya televisheni kwa umri huo. Zagor na Ian wamekutanishwa katika kitabu kimoja mwaka 2015, babu na mjukuu, na haikuonekana kichekesho. Baadaye mfululizo mkuu ukabadili jina tena, Mondo Oscuro, ulimwengu wa giza. Mtu mmoja, basi, anasomwa na mtoto wa miaka tisa, baba wa miaka arobaini, na kijana wa chuo anayetaka damu, kila mmoja kwenye karatasi yake na bei yake. Kampuni iliyozoea kumuuzia kila mtu kijitabu kilekile imejifunza hilo kupitia fantasia, kwa sababu ulimwengu uliokwisha kuwekwa kwenye mafaili, wenye ramani na sheria, unaweza kukodishwa vyumba vingi. Ile gharama iliyowatisha mwanzoni ndiyo imegeuka mtaji.

Wafaransa watacheka kidogo. Kwao Lanfeust de Troy ilianza mwaka 1994 na kufungua soko zima la fantasia, albamu za rangi za kurasa hamsini kasoro, moja kwa mwaka, na baadhi ya wachoraji wake wakubwa wa miaka iliyofuata walikuwa Waitaliano waliokosa nafasi kwao. Kwa mchoro wa kukaa ukiutazama, Wafaransa bado wako mbele. Lakini albamu moja kwa mwaka ni karamu. Kurasa 94 kila mwezi ni chakula cha nyumbani, na kumlisha mtu kila mwezi kwa miaka zaidi ya kumi ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Kwa anayetaka kuonja na anajua Kiitaliano kidogo, ushauri wangu ni huu. Asianze na namba moja ya 2013, ambayo imebeba maelezo mengi mno. Aanze na kitabu cha 2007, kilichosimama chenyewe. Kikimkolea, avuke vijitabu vyote vya kati aende moja kwa moja Senzanima, na akimaliza hapo ndipo arudi kibandani, kama kibanda cha mtaani kwake bado kipo wazi.